RTC haikuwa ushirika: historia ya maduka ya ushirika, na duka linavyokufa stoo

Ng'ambo_Tabora ameuliza:
Wakuu, salaam. Hapa Tabora kila likitajwa suala la kufungua duka la ushirika la vyakula na mahitaji ya nyumbani, wazee wanatikisa kichwa: "Tulikuwa nalo, RTC ile, likafa." Wengine wanasema liliuawa na Operesheni Maduka, wengine ruksa ya Mzee Mwinyi, yaani biashara huria. Halafu nasikia Uswisi wana Migros, ushirika wa kimikoa wenye masupamaketi nchi nzima. Wanaojua naomba wanipangie: kilianza nini, kikafuata nini, na duka la namna hii hufa kwa ugonjwa gani hasa?

Leja_Kuukuu:
Tuanze na kosa la wazee wetu, kwa heshima zote. RTC haikuwa ushirika hata siku moja. Lilikuwa shirika la umma la biashara la mkoa. Mwananchi hakuwa na hisa, hakupiga kura, hakupata gawio.

Ushirika wenyewe ni COSATA, uliozaliwa 1962 ili kusambaza bidhaa kwa jumla na kufungua maduka ya ushirika ya rejareja. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, COSATA na kampuni ya biashara ya INTRATA vikamezwa na STC, shirika la biashara la taifa. STC nayo ikavunjwa 1973, zikaja RTC mikoani chini ya Bodi ya Biashara ya Ndani. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ikawa ndiyo inayosema sukari au sabuni iuzwe kiasi gani.

Operesheni Maduka ni 1976: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, kijiji kiendeshe duka lake. Ikasimamishwa mwaka huohuo, kwa kuwa maduka yalifungwa kabla mengine hayajawa tayari kuyapokea. Angalia na bahati mbaya ya kalenda: Mei 1976 hiyohiyo vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Duka la kijiji likabaki halina chama kikuu cha kulikagua wala kulinunulia mali. Linangoja mgawo wa RTC. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya 1982.

Kuhusu ruksa: milango ilianza kufunguka 1984, Mwalimu akiwa bado madarakani, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa. Mzee Mwinyi aliapishwa Novemba 1985. Bidhaa zilipojaa madukani, duka lililozoea kugawiwa halikujua kununua. Kuagiza, kupatana bei, kujua kipi kinatoka na kipi kinalala, kazi hizo lilikuwa halijazifanya kwa miaka zaidi ya kumi.

Mwanga_Kigoma:
Leja kamaliza historia. Mimi niseme ugonjwa, maana haukuisha na RTC. Duka la ushirika hufa stoo kwanza; kaunta huja kujua baadaye.

Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50. Mwuzaji akizidisha gramu 10 tu kila kilo, nusu kilo imekwenda kwenye kila mfuko. Dagaa wa Kigoma wanunuliwe wakiwa hawajakauka vizuri: uzito unashuka wakiwa guniani, na masika wanaota ukungu. Chumvi iliyowekwa sakafuni bila chaga hunyonya maji. Upungufu huo si wizi, lakini usipoandikwa unakuwa pazia zuri la wizi.

Dawa ya zamani ambayo bado inafanya kazi ni kumdai mwuzaji mali kwa bei ya kuuzia, si ya kununulia. Mfano wa mwezi:

Mali ya kufungulia 3,200,000
Iliyopokelewa 5,400,000
Jumla anayodaiwa 8,600,000
Fedha zilizopelekwa benki 5,100,000
Inayopaswa kuwepo 3,500,000
Iliyohesabiwa 3,430,000
Upungufu 70,000

Elfu sabini inaonekana ndogo. Ni karibu asilimia 1.4 ya mauzo. Kama ziada yenu, yaani faida, ni asilimia 3 ya mauzo, karibu nusu imeshaondoka, na hapo hakuna aliyevunja kufuli.

Panapopigwa sana ni bei inapopanda. Mna mifuko 10 ya sukari stoo, kilo 500, bei inapanda shilingi 200 kwa kilo. Hiyo ni 100,000. Siku hiyohiyo, kabla ya kufungua mlango, watu wawili wahesabu kilichopo, waandike ongezeko kwenye leja na wasaini. Mkichelewa siku tatu, tofauti inaingia mfukoni mwa mwuzaji na hesabu yenu itakubali vizuri kabisa. Ndiyo maana mimi huogopa hesabu inayokubali hadi senti kuliko yenye upungufu kidogo.

Na mwenye funguo za stoo asiwe mwuzaji.

Ng'ambo_Tabora:
Nimekupata mkuu. Mikopo je? Wateja wetu wengi ni wakulima wa tumbaku. Fedha yao hutoka baada ya masoko. Desemba hadi Machi mtu anapalilia mfukoni hana kitu. Tukikataa kukopesha atakwenda kwa mangi, mwenye duka binafsi.

Leja_Kuukuu:
Aende. Wale wanaushirika 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka Desemba 1844 wakiwa na unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa, walikuwa maskini kuliko wengi wetu, na sharti lao lilikuwa taslimu tu. Mtaji wao wote ulikuwa pauni 28. Wangekopesha mwezi mmoja rafu zingebaki mbao. Mkopo wa msimu ni kazi ya SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, wenye riba, dhamana na kamati yake. Duka likishika kazi hiyo, mali yote huwa imelala kwenye daftari la madeni ifikapo Februari, na msambazaji haji Tabora kupokea daftari.

Mnachoweza: fedha zinapotoka, mwanachama aweke kiasi chake dukani, aandikiwe, achukue bidhaa kidogo kidogo hadi masika. Lakini fedha hizo ni deni la duka, zikae kwenye akaunti yake. Zisinunue rafu.

Isevya_Mhasibu:
Kuhusu Migros. Haikuanza ushirika. Gottlieb Duttweiler alianza 1925 Zürich na malori matano ya Ford yenye bidhaa sita: mchele, sukari, kahawa, tambi, mafuta ya nazi na sabuni. Wenye viwanda walipomgomea, akaingia kutengeneza mwenyewe. Alipogeuza kampuni kuwa ushirika, 1941, ilikuwa biashara hai; wateja walipewa hisa za kitu kinachotembea. Sisi tuliambiwa "duka ni lenu" kabla ya rafu kupigwa msumari.

Leo ina vyama kumi vya kimikoa vinavyomiliki shirikisho la pamoja, na wanachama wana meno: mwaka 2022 waliulizwa kama pombe iuzwe, mikoa yote kumi ikakataa. Sigara pia haziuzwi, habari ambayo hapa Tabora haitamfurahisha mtu.

Gawio la kila mnunuzi ni la Rochdale, na hesabu yake ni hii. Uzeni kwa bei ya soko, msishushe ili kumfurahisha mwanachama. Mwisho wa mwaka, tuseme ziada ni 4,000,000 na mkutano mkuu umeamua nusu ibaki kuwa akiba na mtaji. Zimebaki 2,000,000. Wanachama wamenunua jumla 100,000,000, basi kila shilingi inarudisha senti 2. Aliyenunua 900,000 anapata 18,000. Aliyenunua kwa mangi mwaka mzima anapata sifuri, hata awe mwenyekiti.

Kwa hiyo mpe kila mwanachama namba, na kila risiti ibebe namba hiyo tangu siku ya kwanza. Ukianza kuandika Julai, gawio la Januari hadi Juni halihesabiki tena.

Ng'ambo_Tabora:
Asanteni sana wakuu. Nachapisha ile hesabu ya bei ya kuuzia niwapelekee wazee.

Mwanga_Kigoma:
Ongeza mstari wa "mali iliyoharibika", na iteketezwe mbele ya kamati. La sivyo mfuko mmoja wa unga ulioliwa na panya utaandikwa mara tatu.