Mrejesho: vishimo na viputo kwenye mishumaa minene

Wakuu, nashukuruni sana. Vile vishimo vya ubavuni na uwazi kando ya utambi nilivyoulizia vimeisha. Kilichosaidia zaidi ni joto: parafini (nta ya kutengenezea mishumaa) sasa naimimina ikiwa nyuzi 85 za Selsiasi badala ya 65, kwenye moldi (kalibu ya kuundia mshumaa) ya alumini iliyopashwa kidogo. Moldi baridi hugandisha nta ya nje kabla hewa haijatoka. Namimina taratibu moldi ikiwa imeinamishwa, nagongagonga ubavu, nangoja dakika tano, nagonga tena. Juu kukiganda utando, natoboa kwa kijiti kuzunguka utambi, na narudia, maana parafini husinyaa ikipoa na kuacha uwazi ndani, ambao naujazia nta nyingine. Nta ya kujazia iwe nyuzi 90 na isivuke kimo cha mwanzo. Ikivuka hupenya pembeni, kati ya mshumaa na moldi, na kuharibu ung'avu wote.