Tupeane uzoefu: wa kofia, wa kili, wa kroshia, wa viraka, nakshi zenu mnazitoa wapi?

kili_za_langoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wapendwa. Humu ndani kila siku naona watu wanaulizana bei tu, kofia ngapi mkeka ngapi, hakuna anayeuliza hizo nakshi zinatoka wapi na mtu anashona saa ngapi na nyumba ina watoto na sufuria iko jikoni. Basi nianze mimi wengine mfuate.

Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nasuka kili, zile tepe ndefu za majani ya mkindu, halafu naziunganisha na kamba za makumbi na vipande vya matanga ya zamani natoa vitu vya kutundika ukutani, vingine upana wa mlango. Mjomba wangu kila akija lazima aulize "sasa huu mkeka nani atapanda kuulalia huko juu". Nishazoea.

Kazi yenyewe ni alfajiri nikishaswali, hewa bado ina unyevu na chane, vile vipande vyembamba vya jani, zinakunjika bila kukatika, jua likipanda lazima uwe na bakuli la maji pembeni unanyunyizia nyunyizia la sivyo zinavunjika mkononi. Saa nne naweka chini napika. Alasiri wanakuja shoga zangu kila mtu na ukili wake, hapo hatusuki vitu vya kufikiria, ni ule mweupe wa mkeka wa kawaida, mkono unaenda na mdomo unaenda, na ukitaka habari za mji huu zote utazipata hapo kabla ya magharibi.

Sasa nakshi. Wageni wanapenda niwaambie bahari, machweo, milango ya kuchonga. Mimi nakshi zangu nyingi zinatoka kwenye sufuria ya rangi walahi. Nikichemsha kindu za nyekundu, nikazitoa, nikatia fungu jingine kwenye maji yale yale natoa pinki iliyochoka, nikitia la tatu napata rangi ya chai ya maziwa. Hapo nina rangi tatu za ukoo mmoja na hizo ndizo zinazoamua, mimi nafuata tu. Na upana pia, ukili wa chane nyingi unakubali mchoro mpana, ukipunguza chane mchoro unajikata wenyewe unabaki meno meno. Yaani nusu ya ufundi ni kukubali ukili unachokataa.

Haya, karibuni. Ukisema milango ya Lamu sikufukuzi ila tuambie mlango upi na uliona nini hapo ambacho mwenzako hakukiona.

sindano_ya_mkomani

Mimi ni mwanamume na nashona kofia, nawaambia mapema msianze. Hapa kwetu wanaume kushona kofia barazani si jambo, wageni ndio wanashangaa wanapiga picha.

Kofia ya vito, ile ya vijitundu vidogo vidogo, kwa wasiojua si kazi ya mtu mmoja. Kuna mchoraji, yeye anachora kwa penseli juu ya bafta, halafu mshonaji anashona zile tundu moja moja, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na ukimaliza inafuliwa inatiwa wanga inavalishwa kwenye faroma, kile kibao cha umbo la kofia, ikauke na umbo lake. Kofia moja nzuri inakula wiki na wiki. Mato (macho) yangu si ya zamani kwa hivyo taa ya umeme staki, nashona mtana tu, asubuhi upande huu wa baraza na jioni upande ule, nafuata mwangaza.

Kuhusu nakshi nitasema jambo mnisamehe. Mimi nakshi naziona msikitini. Ukiwa saff ya pili aliye mbele yako akisujudu na wewe ukachelewa kidogo, unaona kofia yake yote kwa juu, duara zima, jinsi mchoraji alivyogawanya. Barazani huwezi kuona kofia ya mtu hivyo, unaona ubavu tu. Mfungo Sita wakati wa Maulidi ndio balaa, wageni wanakuja kutoka kila pembe ya pwani na kofia zao, na oda zangu zote zinatakiwa wiki hiyo hiyo.

mpwa_wa_shela

Hahaha kwa hivyo saff ya pili ndio ukumbi wa maonyesho 😂

sindano_ya_mkomani

Cheka tu. Nenda kaangalie Ijumaa.

kroshia_malindi

Nko Malindi mjini, nina kibanda cha M-Pesa na sindano ya kroshia iko kwenye droo ya pesa. Kastoma akija naweka chini akienda naendelea, kwa hivyo mimi nimejifundisha kufuma vitu vya vipande vidogo vidogo mraba mraba, sababu kitu kirefu cha safu moja nikikatizwa napoteza hesabu. Mtu akiona vikapu vyangu anasema ooh anapenda viraka viraka, dada ni foleni ya kutoa pesa ndiyo imechora hiyo.

Zamani nilikuwa nafumia juala, zile karatasi za nailoni za dukani, nazikata utepe mrefu nazifuma mikoba, zilikuwa bure na rangi kibao. Halafu tarehe 28 Agosti 2017 serikali ikapiga marufuku, na faini ilivyotajwa ilifika milioni nne, nani atakaa na gunia la juala ndani. Mali ghafi ikaniisha siku moja. Lakini marufuku hiyo hiyo ndiyo ilifanya watu watafute vikapu, kila mtu ghafla anataka kikapu cha kwenda sokoni, nikahamia uzi wa pamba nikapata soko ambalo sikuwahi kuwa nalo. Rangi ndio shida, uzi wa pamba dukani unapata nyeupe na maziwa basi, zile za kuvutia zinakuja mara moja moja. Kwa hivyo nikaanza kuangalia kivuli badala ya rangi, nafuma matundu makubwa na madogo jua lipite. Wateja wa Kiitaliano wanapenda hizo sana, na wana adabu ya kungoja.

Mmoja lakini aliniomba nimfumie nguzo ya Vasco da Gama. Nguzo! Nikamwambia bwana ile ni fimbo nyeupe ina msalaba, ninaifumaje. Akalipa nikafuma.

fundi_makuti

Samahani kama nimeingia mahali si pangu. Mimi nashona makuti huku Magarini. Jani la mnazi unalikunja juu ya ufito unalishona na uzi wa mlala, linalofuata linabana la kwanza. Hoteli nyingi za Malindi ukikaa kwenye kivuli mkono wa mtu kama mimi uko juu yako. Sasa juzi kuna kijana mmoja ana karatasi zake anaandika orodha ya "wasanii wa nyuzi na majani" wa eneo letu akaniruka, akamwandika jirani anayesuka vipepeo vya kujipepea. Nikamuuliza, akasema makuti ni ujenzi.

Nawauliza nyinyi wenye uzi.

kili_za_langoni

Mahali ni pako kaka. Mtu anayeshona jani kwa jani si wa nyuzi ni wa nini, wa simenti? Na tuambie nawe, ukishona unafuata nini?

fundi_makuti

Nafuata mkono wa bibi. Yeye alikuwa wa hando, ile sketi ya Kigiriama ya marinda mengi. Nikiwa mdogo nilikuwa namshikia kitambaa akikunja, rinda moja linabana jingine na zote lazima ziwe upana mmoja la sivyo ukitembea inayumba upande. Hakuwa anapima na chochote, ni kidole. Mimi pia kuti zangu napima kwa kidole. Paa langu ukilitazama kutoka ndani mchana ni marinda ya hando yamelala, mwenye hoteli hajui hilo na sijamwambia.

pate_kwetu

Huyu wa makuti amenifurahisha. Mimi nasokota kamba za makumbi, kazi ya kunuka hii, makumbi unayafukia ufuoni kwenye matope miezi mpaka yaoze nyama ibaki nyuzi, unayaponda, unaosha, ndio unasokota pajani. Mikono yangu hairuhusiwi kugusa kanga ya harusi ya mtu.

Nataka kumjibu mjomba wa mwanzisha uzi. Mwambie visiwa vyetu hivi ndiko kulikoundwa mitepe, chombo kilichoshonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mkeka wa kusukwa, mraba, umetundikwa mlingotini. Kwa hivyo mkeka umesimama wima na kufanya kazi kabla ya yeye kuzaliwa, na hakuna aliyeulizwa nani ataulalia.

Mimi nakshi yangu ndiyo hiyo, namna kamba inavyopita kwenye tundu na kurudi ikabana. Sitii rangi hata kidogo. Na si makumbi tu, Pate ilisifika kwa kufuma hariri na Wareno waliandika habari zake, na kwenye magofu ya Shanga na miji mingine ya kale wachimbaji walitoa vile vigurudumu vya kusokotea pamba, vingine vimekatwa kutoka kwa kigae cha chungu kilichovunjika. Mtu chungu kimevunjika hakulia, akatoboa kigae akasokotea. Nikikosa la kufanya nafikiria huyo mtu.

kili_za_langoni

Nimemsomea mjomba kwa sauti. Amesema basi tutie mlingoti sebuleni 😩

bint_viraka

Malindi pia, upande wa Watamu. Mimi nakusanya vipande vya kanga kwa mafundi nashona mashuka ya viraka. Watu wanafikiri nachagua rangi, mimi nachagua maneno. Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani yale maneno, na fundi akikata nguo jina ndilo linaachwa maana limekaa pembeni vibaya, ndio yanayonifikia. Nayakuta yamekatwa nusu. HASIDI HANA. Hana nini? Sijui, limeishia hapo. Nalishonea na NYOTA YA MWENZIO, sasa hasidi hana nyota ya mwenzio, na imekaa vizuri kuliko zote mbili zilivyokuwa. Kuna mteja alinunua shuka akarudi baada ya siku chache amekasirika, mawifi zake walikaa kitandani wakasoma wakadhani amewalenga. Nikamwambia ulilinunua mwenyewe umelisoma. Hakurudisha lakini.

Korosho pia napenda, ile nakshi ya korosho nikiipata nzima siikati.

mtoto_wa_uzi

Naomba kuuliza, wale mnaoiga picha za Pinterest na wale mnaoibiwa, mnafanyaje? Mimi nilitoa mkoba wa nakshi yangu mwezi haujaisha upo kwa watu watatu sokoni.

kroshia_malindi

Mteja akinitumia picha nafuma lakini namwambia rangi na ukubwa naamua mimi, na mwisho wake haifanani. Aliyetaka ifanane atanunua ile ya kwenye picha.

bint_viraka

Kanga wenyewe walishamaliza hiyo kesi zamani. Angalia chini ya kanga nyingi utaona Mali ya Abdulla, familia ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, wako kwenye biashara tangu 1887. Waliweka jina kwenye kitambaa. Sisi tunaosuka na kushona kwa mkono hatuna pa kuandika jina halafu tunalia.

sindano_ya_mkomani

Sikubaliani. Kofia hakuna jina na kila mtu barazani anajua hii ya nani. Mchoraji ana namna yake ya kufunga duara. Ukiiga unajulikana umeiga, na aibu yake utaitembeza kichwani. Hiyo kesi ya mikoba ni kwa sababu anayenunua hajui kuangalia, tatizo si anayeiga peke yake.

mtoto_wa_uzi

Anayenunua wangu ni mgeni wa siku mbili, ataangalia saa ngapi?

sindano_ya_mkomani

Hapo umesema. Sina jibu la hapo.

pate_kwetu

Badilisha kabla hawajakufikia. Mimi hukaa na nakshi moja msimu mmoja, kusi ikigeuka kaskazi nimeshahama.

mtoto_wa_uzi

Na siku mkono ukikataa kabisa? Nakaa na sindano mbele yangu saa nzima najikuna tu.

kili_za_langoni

Suka ukili mweupe. Usifikirie. Mimi nina mafungu na mafungu ya ukili mweupe ndani, ndio ushahidi wa siku mbaya, na ndio yanalipa umeme maana mkeka wa kawaida haukosi mnunuzi. Kuna akina mama wa Kipungani na Matondoni hawajui hata hilo neno msanii, wanasuka kila siku iwe wanataka iwe hawataki, na mikono yao ukiiona unanyamaza.

Au badilisha rangi. Saa hii najaribu magome ya mkandaa, aina ya mkoko, natoa hudhurungi ya kuelekea nyekundu, ukilaza usiku kucha inazidi kukolea. Manjano ya jikoni yanatoa njano kali ila jua linaila haraka, usiuze kitu cha manjano kwa mtu wa kutundika dirishani. Nachukua magome ya miti iliyokwisha kukatwa kwa boriti, sichuni mti ulio hai na msichune, mikoko ya Kenya zaidi ya nusu iko huku kwetu Lamu na tunaihitaji.

kroshia_malindi

Dada hiyo ya mkandaa inashika kwenye uzi wa pamba ama ni kindu tu? Niuzie fungu la magome, mimi hizi nyeupe na maziwa zimenichosha.

kili_za_langoni

Sijaitia kwenye pamba bado. Nitumie robo ya uzi wako nichemshe nione, ikishika nakutumia magome. Weka kwenye basi la Mokowe, nauli ya boti mpaka huku nitalipa mimi, ila andika jina vizuri juu ya mfuko, fungu la mwisho lilikaa jetini mpaka punda akalionja.