Mjadala: Usimamizi wa ubora uingie kwenye utafiti wa msingi, au ubaki viwandani?

Darubini: Wadau, maabara za vipimo zina ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wao, wanaopima usalama wa dawa wana taratibu zao. Anayetafiti kiini cha mambo mbona hakaguliwi? Mwaka 2012 watu wa Amgen, kampuni ya dawa, walieleza kuwa walirudia tafiti 53 za saratani zilizosifiwa, zikathibitika 6 tu.

Mwananadharia: Ugunduzi hauna fomu, mkuu. Fleming, mgunduzi wa penisilini, angekuwa na mkaguzi, ile sahani yenye ukungu ingemwagwa asubuhi hiyo hiyo. Mambo ya kuhakiki mizani waachieni mafundi, sisi tufikiri.

Fundi Pipeti: "Waachieni mafundi"? Hebu rudia. Zile neutrino za 2011, chembe ndogo mno, zilizodaiwa kuupita mwanga mbio, wenye kufikiri wakaanza kumchimbua Einstein aliyesema hakuna kinachoupita mwanga, kumbe kebo haikukazwa!

Mwananadharia: Haya, na kebo ni kazi ya nani? 😂

Fundi Pipeti: Sawa. Siku pipeti, kile kipimia vimiminika, ikikudanganya, mlangoni kwangu usibishe hodi.

Kaka Hoja: Tusiparuane. Ila Fleming ni 1929, na alikuwa likizo, kwa hiyo uzembe ndio uliotuletea penisilini.

Darubini: Ni 1928, 1929 alichapisha. Na sahani ilichafuka, ndiyo, lakini aliandika alichokiona na ukungu akautunza. Florey na Chain, walioigeuza penisilini kuwa dawa, walianzia kwenye uzao wa ukungu huo huo. Kumbukumbu na sampuli ndiyo usimamizi wa ubora wenyewe.

Kaka Hoja: Mimi nimesema likizo, wewe unanisomesha tarehe.

Mama Seli: Mnabishana sahani moja! Seli za HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabara, zimevamia chupa za watu tangu zamani. Kuna "seli za ini" ambazo watu walizichapishia makala miaka na miaka, kumbe ni HeLa, za mlango wa kizazi. Kupima utambulisho wa seli kunamzuia nani kufikiri?

Mwananadharia: Leo kupima seli, kesho fomu ya kuomba kuwaza. Nawajua wakaguzi, wanahesabu sahihi kwenye fomu, hawasomi kilichoandikwa.

Fundi Pipeti: Sahihi zenyewe ni zangu. Kwenye makala jina langu liko wapi?

Mwananadharia: Huwa nakutaja kwenye shukrani, ndugu yangu.

Fundi Pipeti: Niliona. Mstari mmoja na waliotuazima jokofu.