Tupeane uzoefu: chuo cha atachimenti (mafunzo ya kazini) moja ndefu au chuo cha atachimenti mbili fupi?

BintiShella (Malindi)
Assalam aleikum jamani. Nisaidieni hapa, mdogo wangu wa kiume anaenda kusomea mambo ya hoteli na utalii, KUCCPS, wale wa serikali wanaopangia wanafunzi vyuo, imempangia chuo kimoja lakini anataka kuhamia kingine na mda wa kuomba kuhama bado haujafungwa. Karo inakaribiana, kozi ni ile ile, tofauti ni atachimenti. Aliyopangiwa wanaenda mara moja tu, wiki 12, wakimaliza mwaka wa 3, Mei hadi Agosti. Kile kingine ni mara mbili, wiki 8 kila moja, mwaka wa 2 na mwaka wa 3, na zote zinaanza Januari. Baba asema akae alipopangiwa, wiki 12 mfululizo ndo kazi. Mimi moyo wangu hautulii. Sitaji vyuo, naomba waliopitia watupe yao.

MwanaAmu
Waaleikum salaam dadangu. Mimi nlisoma hiyo hiyo hoteli na nikaenda wiki 12, hoteli moja huku Lamu upande wa Shela, mwezi wa Mei. Wewe wa pwani wajua Mei ni nini, kusi limeshika, bahari imechafuka, wageni hakuna. Nilipofika nusu ya wafanyakazi walikuwa wamepewa likizo, jiko limefungwa, vyumba vimefunikwa mashuka. Nikahesabu taulo, nikaanika magodoro, nikapaka rangi viti vya baraza, kazi ni kazi na sikukataa, lakini logibuku yangu, lile daftari la kuandika kazi za kila siku, wiki ya 2 na wiki ya 9 ukizisoma ni kitu kimoja. Sikumpokea mgeni hata mmoja kaunta. Sikubeba sinia. Desemba nikarudi pale pale kwa hiari yangu, bila barua ya chuo bila malipo, na kaskazi imeleta watu hoteli imejaa, wallahi wiki 3 zile zilinifundisha kuliko zile 12. Nilijifunza kumtuliza mgeni aliyekuta chumba chake hakijafanywa na wenzake washapanda mashua wanamngoja, hicho darasani hakuna. Kwa hivo mimi swali la wiki ngapi naliweka nyuma, naanza na miezi gani.

FundiMaweni
Mimi nitakuwa upande wa mzee kidogo, maana yangu ilikuwa umekanika na nilienda kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni. Pale maji ya bahari yanavutwa kwa pampu yanaingia mabwawani yakaukie juani, sasa ile chumvi inakula chuma haraka sana, kila siku kuna kitu kimeharibika. Mwezi wa kwanza nilishika tochi na kupitisha spana tu. Fundi mkuu hakuwa ananiamini na ana haki, pampu ikiharibiwa na mwanafunzi mabwawa yote yanangoja. Mwezi wa pili akaanza kuniuliza "hapa wewe waona shida ni nini". Ilikuwa wiki ya 10 akaniachia pampu nzima nifungue, nibadilishe beringi, nifunge, yeye amekaa pembeni ananiangalia. Siku ile mpaka leo nikiikumbuka nafurahi. Ningekuwa wa wiki 8 ningeondoka kabla haijafika. Lakini ni kweli chumvi haina mambo ya wageni na sizoni kama hoteli, hapo MwanaAmu amesema.

MamaKisumuNdogo
Mwanangu, pigeni hesabu pia. Nimesomesha wawili. Atachimenti nyingi hazilipi, na bado kuna bima unaitishwa, kuna nguo na viatu vyeusi vya kazi, kuna nauli, na mkopo wa wanafunzi wa HELB mara nyingi waja wakati deni lishaingia. Mara mbili ni gharama mara mbili. Wangu wa pili alilala nyumbani akawa anaenda hoteli kwa miguu, hakunisumbua. Wa kwanza alipata nafasi Mombasa, chumba na chakula vilinimaliza.

MtotoWaFaza
Ulizeni na nani anakuja kukagua!! Mimi nlifanyia kwetu kisiwani, chuo sitakitaja, nilikuwa nimelipa ada ya atachimenti kabisa na mwalimu alitakiwa kuja. Kutoka Mombasa ni basi mpaka Mokowe halafu boti, akaahirisha, akaahirisha tena, mwisho akapiga simu dakika chache akaongea na msimamizi wangu basi. Nikapewa maksi za katikati. Mwenzangu aliyekuwa mjini alikaguliwa mara mbili, akaambiwa anapokosea akiwa bado ana wiki za kurekebisha. Iliniuma sana, si maksi peke yake, ni kwamba nilikuwa na vitu vya kumuonyesha.

NahodhaMdogo
Naongeza moja ya mbali. Binamu yangu yuko Kanada, chuo cha Waterloo, wale wana mfumo wao tangu 1957, mwanafunzi anasoma miezi 4 anafanya kazi miezi 4, zamu kwa zamu mpaka anamaliza, na kazi zenyewe zinalipa ila lazima upite intavyuu ushindane na wenzako, hakuna wa kukuwekea nafasi. Alichoniambia ni kwamba kazi ya kwanza hakuipenda kabisa, akarudi darasani akijua ajifunze nini, ya pili akachagua vizuri. Naona hiyo ndo faida ya kwenda mara mbili. Ukienda mara moja mwishoni na ukagundua jiko si lako, ushamaliza miaka 3.

BintiShella (Malindi)
Mungu awalipe nyote. MwanaAmu umenifungua macho, sisi hapa Malindi twajua Mei hoteli ngapi zimefunga geti na hakuna aliyekumbuka tulipokaa kujadili. Mama, yeye atalala hapa nyumbani kwa hivo gharama naona tutaiweza. Fundi, maneno ya wiki ya 10 nimemsomea baba akasema "si niliwaambia", lakini nilipomuuliza Mei wageni wako wapi akanyamaza. Mdogo wangu Kitaliano ashaanza kukisema, anataka kuwa kaunta, na Januari ndo Wataliani wenyewe wako. Kesho tunajaza ya kuhama. Nitapiga pia chuo niulize kama wakaguzi wanafika Malindi. Sasa nauliza, kwa atachimenti ya Januari barua ipelekwe hotelini lini?

MwanaAmu
Mwisho wa Septemba au Oktoba, na aipeleke mwenyewe kwa mkono, asubuhi, amevaa vizuri. Ikifika Desemba meneja hana mda hata wa kusoma bahasha. Apeleke hoteli tatu nne si moja, na aandike kwenye barua kwamba anasema Kitaliano, mstari wa kwanza kabisa.

BintiShella (Malindi)
Nimeandika. Shukran dadangu.