"Ulikuwepo?" Eti mimi niliyesahihisha habari za Königsberg, ile manowari ya Mjerumani, ndiyo naulizwa hivyo!

Wakuu, haijapita saa tangu nitolewe kwenye grupu na yule bwana. Simtaji, mnamjua. Hata ukichinja kuku atakwambia babu yake alimchinjia Mjerumani kuku kama huyo.

Kabandika makala ya manowari Königsberg: eti ndege za Mwingereza ziliizamisha Unguja. Unguja! Iliyozama Unguja ni Pegasus ya Mwingereza, tena aliyeizamisha ni huyo huyo Königsberg, alfajiri ya 20 Septemba 1914, Pegasus iko bandarini inatengenezwa mitambo. Königsberg imefia delta ya Rufiji, 11 Julai 1915. Nikamwandikia kwa adabu, na shikamoo nikaweka. Akajibu neno moja: "Ulikuwepo?" Chini yake katuni ya mtoto ananyonya kidole.

Ulikuwepo! Grupu zima likacheka, hadi shemeji yangu.

Na ndege hazikuzamisha kitu, zilikuwa juu zinawaelekeza wapiga mizinga wa Severn na Mersey, meli za kivita za Mwingereza. 6 Julai wakatoka kapa, wakarudi tarehe 11. Meli ikawa hoi, Kapteni Looff akaamuru ilipuliwe na watu wake wenyewe. Mizinga yote 10 ikaopolewa, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku, akapigana nayo nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, nimeushika kwa mkono huu, chuma cha moto jua la saa saba. Yeye kaandika "mizinga ilipotelea majini". Nikatuma picha. "Ulikuwepo?" Halafu akanitoa.

Kwani yeye alikuwepo?!

#2 Pole mkuu. Ila shikamoo ya nini kwa mtu mliyecheza naye gololi?

#3 Meli ya 1915 inakunyima usingizi, kodi ya nyumba umelipa?

#4 Mleta uzi, ulikuwepo? 😂😂

#5 (mleta uzi) Wa #4 nakujua unapokaa.

#6 Huyo bwana ana hela yangu ya mchele tangu Ramadhani. Nikimdai ananisimulia Maji Maji.

#7 Bora mchele. Mimi kanitafutia boti ya kwenda Mafia, injini ikazima katikati ya maji, tumelala humo na mbuzi wawili.

#8 Ile ya bluu? Boti yangu hiyo. Injini nzima kabisa, mlichanganya oili vibaya.

#9 Nani kachanganya? Nahodha wako alikuwa amelala!

#10 Mbuzi walifika?