Maigizo ya redio kwenye kaseti: sauti imefifia na inayumba, niyahamishe vipi kwenye kompyuta?

MpenziWaMaigizo:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaozijua kaseti kwa undani.

Nina kanda 34 za maigizo ya redio. Nyingi ni za dakika 90, nne ni za dakika 120, na zote zilirekodiwa moja kwa moja kutoka redioni, nyingine AM, nyingine FM. Maigizo mengi ya namna hii hayapatikani tena popote, kwa hiyo nataka kuyahamisha vizuri mara moja. Shida ni hizi:

Sauti imezibika, kana kwamba waigizaji wanaongea nyuma ya pazia zito. Upande B ni mbaya zaidi ya A. Muziki wa kufungulia igizo unayumba, unapanda na kushuka. Nikichomeka deki kwenye tundu la maikrofoni la laptop napata mngurumo mzito, na mtu akipaza sauti inakwaruza. Nimejaribu kuondoa mchakacho kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, waigizaji wakawa kama wako ndani ya pipa la maji.

Inaniuma kwa sababu igizo la redio halina sura wala taa. Mnong'ono ukipotea, tukio zima limepotea.

FundiHedi:
Mkuu, weka laptop pembeni kwanza. Sehemu kubwa ya tatizo lako iko kwenye deki, na kinachopotea pale hakuna programu itakayokirudisha.

Kabla ya yote, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti. Bila vijino deki haiwezi kurekodi juu yake, hata kidole kikiteleza.

Kisha safisha. Pamba ya vijiti na isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ya 99 ni nzuri zaidi. Sugua uso wa hedi (kile kipande cha chuma kinachosoma utepe) na ule mhimili mwembamba wa chuma unaovuta utepe, mpaka pamba itoke nyeupe. Rola ya mpira isafishe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, maana spiriti ikitumika mara kwa mara hukausha mpira. Rola chafu au iliyong'aa kama kioo ndiyo chanzo cha kwanza cha kuyumba, kwa sababu utepe unateleza. Ikiwa bado inayumba, fungua deki uangalie belti. Belti iliyolegea au iliyoanza kunata kama lami haina dawa, badilisha. Tafuta yenye mzunguko mfupi kwa takriban asilimia 5 kuliko ile ya zamani iliyokwisha kutanuka.

Sasa kuhusu kuzibika. Angalia swichi mbili. Dolby B, ule mfumo wa kupunguza mchakacho, ikiwashwa kwenye kanda iliyorekodiwa bila Dolby, inakata sauti za juu, na matokeo yake ndiyo hilo pazia. Izime. Swichi ya aina ya utepe nayo iwe kwenye kawaida (aina ya I) kama kanda si ya kromi.

Zikiwa sawa zote mbili na sauti bado imezibika, basi ni pembe ya hedi. Mwanya wa hedi unatakiwa usimame nyuzi 90 dhidi ya utepe. Mashine iliyorekodi kanda zako inawezekana ilikuwa imeinama kidogo, na yako imesimama wima au imeinamia upande mwingine. Tofauti ndogo kuliko unene wa karatasi inatosha kuua sauti za juu. Ubavuni mwa hedi kuna skrubu mbili, na ile yenye springi chini yake ndiyo ya pembe. Iwekee alama ya kalamu ujue ilipoanzia. Unganisha chaneli mbili ziwe mono, cheza sehemu yenye maneno mengi ya "s" na "sh", halafu zungusha taratibu, moja ya nane ya mzunguko kwa wakati. Utasikia maneno yanafunguka ghafla, na ukipitiliza yanaziba tena. Simama pale yalipo wazi zaidi. Tumia bisibisi isiyo na sumaku.

Fanya hivyo kwa kila kanda, na kwa kila upande. Ukiigeuza kaseti utepe unapita mbele ya hedi kwa mkao tofauti kidogo, ndiyo maana B yako ni mbaya kuliko A.

Mwisho, kabla ya kucheza, izungushe mbio mpaka mwisho na kurudi, ili utepe ulegee na ujipange upya.

Kanda90:
Nakazia yote ya FundiHedi isipokuwa hapo mwisho. Mleta uzi ana kanda za dakika 120. Utepe wa dakika 60 una unene wa takriban maikromita 18, wa 90 ni 12, na wa 120 ni 9 tu. Hizo nne usizizungushe mbio hata kidogo. Zicheze kwa mwendo wa kawaida kutoka mwanzo hadi mwisho, na usitumie kitufe cha kusimamisha kwa muda katikati. Utepe mwembamba hivyo ukivutwa ghafla unatanuka au unajiviringa kwenye rola.

Halafu chungulia kwenye tundu la katikati la kaseti, upande ule hedi inapoingilia. Kuna kipande kidogo cha sufi juu ya bati jembamba la shaba, kazi yake ni kuusukuma utepe ubanane na hedi. Gundi yake huzeeka, sufi ikadondoka. Ukikuta bati tupu, hapo pembe ya hedi utaihangaikia bure, sauti itaendelea kufifia na kukatika. Chukua kaseti tupu ya skrubu tano, ihamishie utepe wako na magurudumu yake. Fanyia kazi juu ya meza tambarare na usiguse utepe kwa vidole vitupu.

Mawimbi_Marefu:
Nizungumzie waya. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kwa milivolti chache. Deki inatoa takriban volti 0.3. Lazima ikwaruze, na kwenye laptop nyingi tundu hilo ni mono. Tafuta kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingiza sauti ya kiwango cha deki, chaneli mbili, kisha tumia waya wa RCA (wenye plagi mbili, moja kwa kila chaneli) kutoka nyuma ya deki. Kama deki ina tundu la spika za masikioni tu, tumia hilo, sauti ikiwa nusu.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48. Vilele vya sauti vikae kati ya desibeli -12 na -6. Usijaribu kuvifikisha 0, biti 24 zina nafasi ya kutosha chini, na mwigizaji akipiga yowe utakuwa salama. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho ni kama gigabaiti 1, kwa hiyo kanda ya dakika 90 itakula takriban 1.5. Ukihifadhi kwa FLAC itapungua sana bila kupoteza chochote.

Mngurumo: chomoa chaja, laptop itumie betri. Ukikoma, ni mzunguko wa ethi kati ya deki na chaja, yaani umeme kidogo unazunguka kupitia waya zao za ethi. Rekodi kwa betri au weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kwenye waya wa RCA. Tafadhali usikate pini ya ethi kwenye plagi, ni hatari.

BintiWaSauti:
Kaka, hilo pipa la maji linatokana na kuondoa mchakacho kupita kiasi. Usizidishe desibeli 6 hadi 9. Chagua nusu sekunde ambayo ina mchakacho mtupu, programu iuchukue kama sampuli, kisha sikiliza kile *kinachoondolewa* kabla ya kukubali. Audacity ina chaguo la kusikiliza mabaki peke yake. Ukisikia hata kivuli cha maneno humo, punguza. Mchakacho kidogo ukibaki, sikio linauzoea ndani ya dakika moja. Sauti ya bati haizoeleki.

Usitumie kabisa kile kifaa kinachofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani. Kwenye muziki kinaweza kupita. Kwenye igizo ukimya nao umerekodiwa: mlango ukifungwa mwangwi wa chumba unaendelea kidogo, mtu anavuta pumzi kabla ya kujibu. Kikikata hapo, chumba kinatoweka na kurudi kila sentensi, na msikilizaji anatolewa nje ya hadithi.

Na kanda za AM zitenge. Matangazo ya AM kwa kawaida hayabebi mengi juu ya kilohezi 4.5 hivi, wakati FM inafika 15. Nguvu ya "s" iko juu ya hapo, ndiyo maana kwenye AM "kusuka" na "kufuka" vinakaribia kufanana. Ukipandisha sauti za juu kwenye kanda hizo unapandisha mchakacho peke yake. Kata kila kilicho juu ya kilohezi 5, ongeza desibeli 2 au 3 karibu na kilohezi 3, na kata chini ya hezi 80. Maneno yatasimama. Kwa kuwa AM hiyo ni mono, sikiliza chaneli ya kushoto na ya kulia moja moja, baki na iliyo safi zaidi.

MpenziWaMaigizo:
Shukrani sana wakuu, na dada BintiWaSauti. Dolby ilikuwa imewashwa. Nimeizima na kurekebisha pembe, nasikia mpaka karatasi zinavyopinduliwa studio. Kuyumba kumeisha baada ya kusafisha rola, lakini sasa sauti za waigizaji ziko juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kama wamekuwa vijana. Nitajuaje mwendo sahihi bila kanda ya kupimia?

Mawimbi_Marefu:
Je, kuna kanda iliyonasa ile milio sita ya saa ya BBC kabla ya igizo? Milio hiyo ni hezi 1,000 kamili, mitano mifupi na wa mwisho mrefu. Chagua ule mrefu, fungua uchanganuzi wa masafa, soma kilele.

MpenziWaMaigizo:
Ipo kwenye kanda mbili, zote za mashine ileile. Inasoma 1,028.

Mawimbi_Marefu:
Basi iko mbele kwa asilimia 2.8, karibu nusu ya nusutoni, sikio lako halikukosea. Gawanya 1,000 kwa 1,028, unapata 0.9728. Kwenye Audacity badilisha *mwendo na kimo pamoja* (kimo ni ujuu au uchini wa sauti) kwa asilimia -2.72. Usibadilishe kimo peke yake, maana muda nao umefupishwa. Kipimo hiki kinajumlisha kosa la mashine iliyorekodi na la deki yako, kwa hiyo kinafaa kwa kanda zote zilizotoka kwenye jozi hiyo. Fanya kwenye nakala, faili ghafi liache lilivyo.

FundiHedi:
Kama kanda mojawapo ina milio mwanzoni na mwishoni mwa upande, pima yote miwili. Ikisoma 1,028 mwanzo na, tuseme, 1,019 mwisho, mota inachoka gurudumu la kupokea linapojaa. Hapo usitumie namba moja. Igawe rekodi vipande vya dakika kumi kumi, kila kipande kipunguziwe kidogo kuliko kilichotangulia, na ukate pale penye ukimya kati ya tukio na tukio.

Kanda90:
Faili ziite kwa jina la igizo, sehemu, upande na tarehe ya kurekodiwa ikiwa imeandikwa kwenye jalada. Ghafi ziwe kwenye diski mbili tofauti, na nakala ya tatu ikae nyumba nyingine. Za kusikiliza kwenye simu, MP3 ya mono ya kilobiti 96 inatosha kwa maongezi. Na kaseti zenyewe usizitupe: zisimamishe wima ndani ya majalada yake, utepe ukiwa umezungushwa wote upande mmoja, mbali na spika.