Naomba ushauri: nimwombeje fundi jirani yangu anifundishe kushona?

MwalimuTanga:
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na ninakiri mapema kwamba mkono wangu na sindano havipatani: kifungo nikikishona leo, keshokutwa kinaning'inia. Jirani yangu ni fundi wa nguo za kike mwenye cherehani ya kukanyaga barazani kwake, nami kila Jumamosi huenda kuketi kwenye benchi lake kwa kisingizio cha mazungumzo, ilhali ninachokifuata ni kuitazama mikono yake. Juma lililopita aliletewa kitenge cha maua makubwa. Alikigeuzageuza muda mrefu, akatia alama tatu tu za chaki, kisha akakikata kwa namna ambayo ua la mgongoni, ingawa lilipasuliwa katikati kupisha zipu, lilikutana tena kana kwamba halijaguswa na mkasi. Mwenye gauni alisema tu kwamba limemkaa vizuri, akalipa, akaondoka. Mshangao ukabaki kwangu.

Shangazi yangu ameniachia cherehani. Nimejaribu foronya moja, na upande wa chini nyuzi zimefungamana kama nywele zisizochanwa. Ninatamani jirani anifundishe, lakini ninaona haya, kwa kuwa anachokijua ndicho kinachomlipia ada ya watoto, tena ninaogopa nikianza kuharibu vitambaa mbele yake nitaikosa hata ile baraza.

Fundi wa Uani:
Mwalimu, mimi ninaishi kwa cherehani, kwa hiyo nitasema waziwazi. Usiombe bure. Mweleze kwamba unajifunza kwa ajili ya nyumbani kwako, umuulize anataka kiasi gani, na uende saa ambazo hana wateja. Siku kumi za mwisho za Ramadhani usimsogelee kabisa, maana wakati huo fundi hata chai humpoea mezani. Mkasi wake wa kitambaa usiukatie karatasi, kwa kuwa kosa hilo hatulisahau.

Wakati unajipanga, nunua doti ya khanga, ambayo huuzwa vipande viwili vikiwa vimeungana, uikate katikati, kisha uzipinde kingo zilizokatwa, mbili kwa kila kipande. Piga bandi kwanza kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, ndipo upitishe cherehani. Ni mistari minne iliyonyooka, kila mmoja ukizidi mita moja kidogo, na ukienda kombo utaivaa jikoni.

Mzee Gurudumu:
Kuhusu nyuzi zinazofungamana chini, wengi huilaumu bobini, yaani kile kigurudumu cha uzi wa chini, ilhali mara nyingi kosa liko juu. Inua ule mguu unaokandamiza kitambaa kabla ya kupitisha uzi, ili visahani viwili vinavyoukaza viachane na uzi uingie katikati yake. Ukiupitisha mguu ukiwa chini, uzi hubaki haujashikwa, ukamwagika upande wa chini wa kitambaa. Unapoanza, shika ncha zote mbili za uzi kwa mishono michache ya kwanza. Halafu, kwa kuwa cherehani za kukanyaga huwachezea wageni, hakikisha gurudumu la mkono linazunguka kuja upande wako, kwa sababu likirudi nyuma uzi hukatika au hufungamana. Jizoeze kukanyaga bila uzi mpaka mguu utulie.

Binti wa Unguja:
Mimi ninatofautiana kidogo na waliotangulia, kwani si lazima kila anayependa kitu akifanye yeye mwenyewe. Mama yangu alikuwa akishona kofia za viua. Kofia moja ilimchukua miezi, kila kitundu akikizungushia uzi kwa mkono, halafu mnunuzi aliishika kwa vidole viwili akasema ni ghali. Siku moja alikuja mzee mmoja, akaigeuza kofia ndani nje, akakagua upande ambao hauonekani ikivaliwa, akatikisa kichwa bila kusema neno. Mama alimtaja mzee huyo kwa miaka. Kabla hujaomba somo lolote, dada, mwambie jirani yako hayo uliyotueleza sisi kuhusu lile ua.

MwalimuTanga:
Ninawashukuru. Jana nilimweleza habari ya ua, naye akacheka sana, akaniambia kwamba mgongo ulikuwa kazi nyepesi, na kilichomnyima usingizi ni mabega, kwa kuwa bega moja la mteja yule limeshuka kuliko jingine na ilibidi gauni lifiche tofauti hiyo bila mwenyewe kujua. Nilikaa pale saa nzima na sikuliona hilo.

Fedha amezikataa, anataka nimfundishe mwanawe hesabu Jumamosi hizohizo. Cherehani ilikuwa kama alivyosema Mzee Gurudumu: nilikuwa ninapitisha uzi mguu ukiwa chini. Kingo mbili za doti nimekwisha kuzipinda, na ya pili imekwenda kombo, kwa hiyo hiyo ndiyo itakayobaki jikoni.